Wanaoingia na Wanaomaliza

9 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha gundi kimekuachia kifua. Huku sisi tupo. Mama yuko kwenye cherehani tangu asubuhi, ana sare thelathini na mbili za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano, maana anasema siku hizi mikono yake ina haraka kuliko macho. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu la vitambaa, na Mama amekataza wasihamishwe. Ati hata paka anajua nyumba ya fundi ina joto.

Sasa habari yenyewe. Matokeo yametoka. Nimekuwa wa pili shule nzima. Mama nilipomwambia alifuta meza ambayo haikuwa na kitu, kisha akasema, “Profesa aambiwe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.” Basi umeambiwa.

Mwalimu mkuu ametuita na kusema tuchague vyuo vitatu, visizidi. Kila fomu ina ada yake, na hairudi hata ukikataliwa. Mimi nataka uhandisi wa maji, na nataka Chuo Kikongwe, chuo chako. Kinachukua mmoja kati ya kumi na wawili wanaoomba. Mwalimu wa hesabu anasema chuo kinachokataa watu wengi hivyo hakiwezi kuwa kibaya. Cha pili ni chuo cha hapa mjini, kile kinachompokea kila mwenye cheti na pumzi. Ada yake ni ndogo na nitalala nyumbani. Cha tatu sijui. Wengine wananitajia Chuo cha Kinuni, lakini ada iliyoandikwa kwenye kijitabu chao ni karibu mara tatu ya hiki cha mjini. Nimekifuta.

Jambo moja limenifurahisha. Ukurasa wa nne wa fomu ya Chuo Kikongwe unauliza: “Je, una ndugu aliyehitimu hapa? Andika jina lake na mwaka.” Wanasema inasaidia. Mjomba, ulihitimu mwaka gani? Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe 15 Aprili. Ningekupigia simu, lakini pale kibandani watu hupanga foleni nyuma yako na kukusaidia kusikiliza.

Mpwa wako,
Msumari


6 Februari

Msumari wangu,

Marahaba, na hongera. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mwambie dada yangu nimepokea habari kwanza kama alivyoagiza, na kwamba nimejivuna mbele za watu mpaka nimekemewa. Huku kwenye karakana ya kujalidi vitabu mashine ya kukatia karatasi imeharibika, tunakata kwa kisu kirefu kama wachinjaji. Mzee wa Gundi, yule aliyenifundisha kazi, amestaafu. Tumebaki mimi na binti mmoja anayeshona kurasa, hodari, ila anaimba kutwa nzima wimbo mmoja, tena nusu yake tu. Kikohozi kipo, tumezoeana.

Mwanangu, usikipime chuo kwa idadi ya watu kinaowafukuza mlangoni. Ukiona foleni ndefu dukani, umejua kwamba watu wanataka kuingia. Wanatoka na nini mkononi, hapo bado hujajua.

Mimi nina kipimo changu, kipimo cha mtu wa gundi. Kila Septemba orodha ya waliopokelewa hubandikwa kwenye ubao mbele ya ofisi kuu. Na kila mwanafunzi anayemaliza lazima alete kazi yake ya mwisho kwangu nimjalidie, nakala tatu, jalada jeusi, jina kwa herufi za dhahabu. Kwa hiyo mimi huwaona wakiingia kwenye ubao na huwaona wakitoka mezani kwangu. Hapa kwetu waliingia mia tatu miaka minne iliyopita. Mwaka jana nilijalidi za watu mia moja na tisini. Kinuni hawana karakana ya kujalidi, nao huleta kazi zao hapa. Wao waliingiza mia mbili, nikajalidi za watu mia moja sabini na nane. Hicho Kinuni kinampokea mmoja kati ya wawili wanaoomba, wala hakuna anayejigamba nacho. Lakini angalia mwisho wake.

Cha mjini kwenu sijui hesabu yake. Nenda ukaulize. Usiulize wangapi wanaingia. Uliza wangapi wanamaliza, na hao wengine walikwenda wapi.

Na ile ada ya kijitabuni isikutishe kabla hujaiulizia. Mama yako ni fundi, anajua kwamba bei ya kutajiwa si bei ya kununulia. Waandikie Kinuni, uwaeleze kipato cha nyumbani bila aibu, uwaulize: mtu kama mimi hulipa kiasi gani hasa, na kwa miaka mingapi? Hilo la mwisho lipigie mstari. Waulize na Chuo Kikongwe hivyo hivyo.

Naona karatasi inaniishia. Msalimie mama yako, na hao watoto wa paka.

Mjomba wako


22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Watoto wa paka wamefumbua macho, mmoja amekojolea suruali ya mteja na Mama akasema ni maji ya pasi. Sare zote zilimalizika, ingawa mimi nilizikunja pindo nyingi kuliko nilivyopenda.

Nilikwenda chuo cha mjini mara tatu. Mara ya kwanza karani alisema swali hilo hajawahi kuulizwa. Mara ya pili alikuwa hayupo. Mara ya tatu alichoka kuniona, akafungua daftari kubwa na kulielekeza kwangu. Waliingia mia nne, wakamaliza mia moja na thelathini.

Nikamuuliza, “Na hawa wengine?”

Akasema, “Wengine wana maisha, binti.”

Nilitembea mpaka nyumbani nikiwaza neno hilo. Nimewaandikia Kinuni na Chuo Kikongwe barua kama ulivyosema. Nimeandika na kipato cha Mama. Hujawahi kuona namba ndogo namna ile ikiwa peke yake kwenye mstari.

Lakini Mjomba, karatasi yako iliisha kabla ya kufika kwenye swali langu. Ulihitimu mwaka gani? Mama anasema: mwambie Profesa aache uvivu, ni tarakimu nne tu. Huwa anawaambia wateja wewe ni mkuu wa idara ya vitabu, na kwamba nyumba hii ilishatoa msomi mmoja, wa pili hatatushinda.

Msumari


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi umepita sijaona barua yako. Je, unaumwa? Mama anauliza kila mtu wa posta anapopita, nami namjibu kwamba mna kazi nyingi za kujalidi. Kama ni kikohozi, tuambie. Sisi wazima.

Kinuni wamejibu, wamenitumia karatasi za maombi ya msaada. Chuo Kikongwe hawajajibu lolote.

Kuhusu ule mwaka, nimeamua kuutafuta mwenyewe. Mama anasema uliondoka nyumbani mwaka ule aliouza cherehani yake ya pili. Nimeongeza miaka minne. Nimeandika jina lako na mwaka huo kwa kalamu ya wino, na chini yake kuna mahali pa kuapa kwamba yote niliyoandika ni kweli. Nimeshatia sahihi. Mwalimu mkuu atazipeleka fomu zote posta tarehe 4 Aprili.

Niombee.

Msumari


28 Machi
Kwa mkono wa dereva wa basi

Msumari,

Mama yako salama? Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe.

Fomu hiyo isiende. Mwombe mwalimu mkuu akurudishie, uwaombe ofisini fomu nyingine, uandike upya. Ukurasa wa nne uache mtupu. Wakikagua daftari la wahitimu hawatalikuta jina langu katika mwaka ulioandika, wala katika mwaka mwingine wowote. Watakufuta kwa kuapa uongo, na uongo wenyewe si wako.

Sikuhitimu, mwanangu.

Nilipokelewa, hilo ni kweli. Nilikuwa mmoja kati ya wale waliochaguliwa, na kijiji kizima cha ukoo wetu kilikuja kuniaga. Barua ilisema nimepewa msaada wa ada yote. Tuliisoma mpaka hapo, tukaanza kushangilia, hakuna aliyesoma mstari wa chini. Mstari wa chini ulisema: kwa mwaka wa kwanza. Dada yangu akauza cherehani moja kati ya mbili ili nipate nauli, godoro na viatu.

Mwaka wa pili wakanipa nusu. Nikaanza kuosha vyombo kwenye ukumbi wa chakula alfajiri na jioni, na darasani nikawa nasinzia. Aliyesinzia hapati alama za juu, na asiyepata alama za juu hapewi hata hiyo nusu. Mwaka wa tatu sikupewa kitu. Siku moja mchana nimebeba sahani yangu ya chakula, nikakuta orodha mlangoni ya waliozuiwa kufanya mtihani kwa kudaiwa ada. Nilisoma jina langu, nikairudisha sahani kaunta bila kuonja. Mpishi akaniuliza, “Chakula kibaya leo?” Nikamwambia nimeshiba.

Ningerudi nyumbani wiki ile. Lakini nilimkumbuka dada yangu akiisindikiza ile cherehani mpaka kwenye mkokoteni wa mnunuzi, akiipangusa kwa khanga njiani ili isishike vumbi. Nikasema nitafanya kazi kidogo, nilipe, nimalize, halafu nitamwambia. Mzee wa Gundi alikuwa anatafuta mtu wa mwezi mmoja kabla ya mahafali. Basi mwaka uliofuata, kazi yangu ya kwanza ikawa kujalidi kazi za darasa langu. Nilipaka gundi migongo yake mmoja baada ya mwingine, nikagonga majina ya wenzangu kwa herufi za dhahabu. Nilikuwa najua nani aliandika kwa tabu na nani aliandikiwa.

Ule mwezi mmoja umekuwa miaka kumi na minane. Ile picha ya joho ambayo mama yako anayo, joho lilikuwa la mwenzangu. Alinivalisha mwenyewe, tena alinifunga vifungo kwa huruma.

Usifikiri nakukataza Chuo Kikongwe. Omba. Walimu wake ni wazuri, na walionifunza kwa miaka miwili na nusu bado nawaheshimu. Lakini soma mstari wa chini kabla ya mstari wa juu.

Dada yangu nitamwambia mimi mwenyewe. Niachie hilo.

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Dereva alinikabidhi barua mkononi tarehe 30. Mwalimu mkuu alinirudishia fomu bila kuuliza, akaniuliza tu kama nimekula. Nimeandika upya. Ukurasa wa nne upo mtupu. Zimekwenda tatu: Chuo Kikongwe, Kinuni, na cha mjini.

Mama hajambo.

Sijui niandike nini kingine. Nilikuwa na hasira siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuwa na hasira kwa ajili yako. Sasa sijui ni ipi.

Mama aliuliza barua ya basi ilikuwa na nini. Nilimwambia ni mambo ya fomu.

Msumari


20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Samahani, barua zako mbili za Mei na Juni nilizipata na sikujibu. Kulikuwa na kazi nyingi hapa. Paka wamegawiwa, amebaki mmoja ambaye hakuna aliyemtaka, naye anajiona ndiye mwenye nyumba. Paa la jikoni tumelitengeneza. Mama anakusalimu.

Majibu yametoka. Nimepokelewa kote.

Ndiyo, hata Chuo Kikongwe. Watu wamekuja nyumbani kushika ile barua kama wanavyoshika mtoto mchanga. Msaada wa ada yote, wameandika kwa herufi nene. Nikashuka mpaka chini kabisa, kwenye herufi ndogo kama mayai ya chawa: “utaangaliwa upya kila mwaka.” Nikawaandikia kuwauliza ni wangapi huongezewa mwaka wa pili. Wamenijibu kwamba takwimu hizo hazitolewi.

Kinuni wamenipa ada na kitanda kwa miaka minne mradi nifaulu, na wameliandika hilo kwenye mstari wa kwanza. Nimepiga hesabu mara tatu. Pamoja na kile kijitabu chao cha bei ya kutisha, Kinuni ningelipa pungufu kuliko chuo cha mjini.

Lakini nimeamua kwenda cha mjini. Nimeshafikiri vya kutosha. Tafadhali usiniandikie kunibadilisha mawazo.

Msumari


2 Agosti

Msumari wangu,

Marahaba. Nafurahi paa limetengenezwa, na huyo paka aliyekataliwa mpe jina la heshima. Binti wa hapa karakanani amejifunza nusu ya pili ya wimbo. Tulishukuru Mungu, kisha tukagundua ni mbaya kuliko ya kwanza.

Umeniomba nisikubadilishe mawazo. Sawa. Nitakuuliza tu.

Uliyetembea mara tatu kumsumbua karani mpaka akafungua daftari, na ukaona watu mia mbili na sabini waliopotea katikati, unakwenda kujiunga nao kwa sababu gani? Hujaniandikia sababu. Barua nzima umenieleza vyuo viwili kwa sentensi nyingi, na hiki ulichokichagua kwa sentensi moja. Msumari haupindi peke yake. Umegongwa na kitu.

Jana nilizitoa barua zenu zote kwenye sanduku nikazipanga kwa tarehe. Kazi yangu ni kurasa, naona pale palipokosekana ukurasa. Dada yangu alikuwa na tabia ya kuandika mistari miwili chini ya kila barua yako, kwa ule mwandiko wake unaopanda mlima. Ya mwisho ni ya mwaka juzi, mwezi wa kumi. Tangu hapo ni “Mama anakusalimu,” na mwandiko ni wako. Unamtungia uzi. Unakunja pindo. Mtoto wa paka akikojolea suruali, unaniambia wewe, si yeye.

Niambie kweli. Dada yangu anaona?

Mjomba wako


15 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Hapana. Anaona mwanga wa dirisha, na mtu akipita anaona kivuli. Jicho la kushoto halioni kitu. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba ilianza zamani kimyakimya, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Anatiwa dawa ya matone ili kisipotee kilichobaki. Anashona kwa vidole. Kitambaa anakijua kwa kukigusa, kipimo anakishika kichwani, lakini mstari ukienda kombo haoni, mimi ndiye ninayeufumua akishalala mchana. Wateja wengine wamejua, wameacha kuja. Alinikataza nisikwambie. Alisema, “Ukimwambia Profesa ataacha kazi kubwa aje kukaa na kipofu.”

Ndiyo sababu ya chuo cha mjini. Ningetoka darasani saa nane na kumkuta.

Na kuna jambo jingine. Barua zako mimi ndiye humsomea. Ile ya basi sikumsomea, na zile mbili za Mei na Juni nilizisoma nikiruka mistari, maana kila moja ulianza kumwambia ukaishia njiani. Mama si mtu wa kurukiwa mistari. Juzi nilipofika kwenye swali lako la mwisho nikakwama, akasema, “Endelea. Mbona Profesa siku hizi anakatika katika kama redio? Leo utanisomea zote, ulizonazo na ulizoficha.”

Nikamsomea zote. Ilituchukua mchana mzima. Penye sahani ya chakula aliniambia nirudie. Kisha akaniambia nichukue kalamu. Haya yanayofuata ni yake, sikupunguza wala kuongeza:

“Ndugu yangu, mimi ni dada yako, naandikiwa. Cherehani ile niliiuza mwenyewe, kwa mikono yangu, hukuniibia na sikukukopesha. Kwa hiyo umekaa miaka kumi na minane mbali nami kwa ajili ya chuma? Ningekuwa na macho ningepanda basi nije nikuchape mbele ya huyo binti anayeimba. Nilikuwa na mdogo wangu mmoja, nikampoteza kwa sababu ya adabu ya kuoneana haya. Na mimi nami nikakuficha macho yangu, nikiogopa uache kazi kubwa. Tumekuwa kama watu wawili walioshika mlango mmoja, wewe nje, mimi ndani, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeuzuia.

“Jina la Profesa nitaendelea kukuita. Nililitoa mimi, halikutoka chuoni.

“Sasa huyu mtoto anataka kubaki kwa ajili yangu. Mimi sikumzaa awe fimbo. Mwambie wewe, maana mimi amenizoea.”

Hapo alisema imetosha. Alikuwa hataki nimuone analia, lakini hajui amekaa upande gani wa mwanga.

Mjomba, Kinuni wanataka jibu kabla ya tarehe 5 Septemba. Sijui la kufanya.

Msumari


23 Agosti

Dada yangu, na wewe Msumari unayemsomea,

Shikamoo dada. Nimeipokea fimbo yako na imeniingia.

Nimeaga kazini. Nilidhani patakuwa na maneno mengi, lakini mkuu wa maktaba alisaini karatasi akauliza nani atabaki na funguo. Zimebaki na binti. Anaijua kazi kunizidi, ila sikumwambia mpaka jana, na alipoambiwa hakuimba wimbo wake kutwa nzima.

Nakuja na mbano wa mbao wa kushikia vitabu, sindano zangu na makopo mawili ya gundi. Niliwaandikia shule tatu za hapo mjini. Madaftari yao ya mahudhurio yamechanika kama majani ya mgomba, wanataka mtu wa kuyashona. Si utajiri, ni kazi. Nyumbani kwako kuna meza moja ndefu. Wewe utakaa upande mmoja ushone kwa vidole, mimi nitakaa upande wa pili na karatasi zangu. Mstari wako ukienda kombo nitakwambia papo hapo, bila kungoja ulale. Utanitukana, nitazoea.

Msumari, nimeambiwa nikuambie, basi nakuambia. Waandikie Kinuni kesho asubuhi. Usije ukafikiri nakuja kujitoa mhanga ili wewe upite. Nilikuwa natamani kurudi tangu siku ile ya sahani. Nilikosa tu wa kunifungulia.

Basi la Alhamisi. Sitaki mtu wa kunipokea kituoni. Nataka nije mwenyewe mpaka mlangoni, maana naogopa, na nikiona watu wakinipungia mkono naweza kukaa humo humo ndani ya basi mpaka linapogeuza.

Mdogo wako,
na mjomba wako


12 Novemba
Chuo cha Kinuni, bweni la pili

Mjomba, na Mama unayesikiliza,

Shikamooni wote wawili. Mimi ni mzima. Kitanda changu ni cha chini, karibu na dirisha. Wa juu yangu anasomea ukunga na anaongea usingizini, tena kwa ukali, kama mtu anayefukuza kuku. Chakula ni kingi kuliko utamu wake. Karakana ya maji iko kwenye ghala lililokuwa la kinu, na kuta bado zina unga kwenye nyufa. Ukiegemea unatoka na mgongo mweupe, ndivyo wanavyotujua wa mwaka wa kwanza.

Mjomba, barua yako ya mwezi uliopita ilinichekesha. Nimeambiwa Mama anawaambia wateja sasa kwamba nyumba ina mafundi wawili na mmoja ni mzembe. Nimefurahi kusikia wale walioacha kuja wameanza kurudi. Na mistari miwili ya chini niliiona. Mama, umeandika juu ya maneno ya Mjomba, lakini nimeisoma yote.

Sasa jambo lenyewe. Nimefeli jaribio la kwanza la hesabu. Nimepata thelathini na moja kwa mia. Shuleni nilikuwa wa pili, hapa kuna watu walisoma mambo haya miaka miwili kabla yangu. Siku nilipopewa karatasi niliikunja, nikakaa nayo chooni mpaka kengele ikalia. Nilifikiri nisiwaambie. Nilifikiri nitapanda kwanza, nikishafaulu ndipo niseme kwamba niliwahi kuanguka. Nikaona nimeshaanza kutunga sentensi za kuwaandikia, nzuri kabisa, za uongo.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mwalimu. Nikamwambia sielewi tangu wiki ya pili. Akauliza nani amenituma. Nikasema hakuna. Akafungua daftari akaandika jina langu, akasema kuna darasa la nyongeza Jumatano na Jumamosi, na kwamba wengi huja wakiwa wamechelewa. Nimeshakwenda mara mbili. Tuko kumi na mmoja. Kuna mmoja ana ndevu na watoto wawili, hukaa mbele kabisa na kuuliza maswali ambayo sote tunayaogopa. Sasa najua kuzifanya hesabu ambazo nilikuwa naziangalia tu.

Mjomba, nilitaka kukuambia hapa uruke ukimsomea Mama. Usiruke. Msomee yote, kwa sauti, hata hizo namba.

Jaribio la marudio ni Jumamosi hii asubuhi. Majibu hubandikwa Jumatatu. Vyovyote yatakavyokuwa, Jumatatu hiyo hiyo nitaandika.

Mtoto wenu,
Msumari